Ndugu, usiipeleke hiyo Webley kung'arishwa

Mhariri,

Nimesoma barua ya yule ndugu aliyerithi rivolva ya Webley ya babu yake, ile bastola ya Kiingereza yenye silinda inayozunguka, anauliza atampata wapi fundi wa kuing'arisha mpaka irudi kama mpya, na tangu niisome sijatulia, maana naona kabisa kinachoenda kutokea. Naomba nafasi nimwambie kabla hajachelewa: asiing'arishe. Aisafishe, aipake mafuta, aitunze, ila ile rangi aiache kama ilivyo.

Mi nakusanya bastola za zamani za jeshi, zote zina kibali na zote zinalala kwenye kabati la chuma lenye kufuli, na hilo naliweka mbele kabisa kwa sababu silaha ya kurithi bado ni silaha, haigeuki pambo eti kwa kuwa ni ya babu. Kama ndugu yetu hajaiandikisha kwa jina lake aanze na hilo leo, mengine yote yanafuata.

Sasa turudi kwenye rangi. Kwenye barua amesema ni Mark VI, na kwamba kwenye mdomo wa mtutu weusi umetoka chuma kinaonekana cheupe, naye anaona hapo ndo pameharibika. Ndugu yangu, Mark VI ilipokewa na jeshi la Uingereza mwaka 1915, vita kuu ya kwanza imeshachachamaa, na hapo mdomoni ndipo ilipokuwa inasugua ala ya ngozi kila ikichomolewa na kurudishwa, siku hadi siku, mpaka weusi ukaisha. Huo mkwaruzo una mtu ndani yake. Angalia na ubavuni kama kuna kialama kidogo cha mshale mpana, hicho serikali ya Uingereza ilikuwa inagonga kwenye mali zake, na fundi akishaweka msasa na gurudumu la kung'arishia hicho ndo cha kwanza kuondoka, kingo zinalainika, maandishi yanakuwa kama yameandikwa kwenye sabuni iliyotumika, alafu juu yake anapaka weusi mpya unaowaka kama kiatu, na mtu yeyote anayezijua hizi bastola akiitazama mara moja tu anaiweka chini.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nilishafanya mwenyewe. Bastola yangu ya kwanza ilikuwa Nagant, ile rivolva ya Kirusi ya risasi 7, modeli ya 1895, ambayo ukivuta nyundo silinda yenyewe inasogea mbele na mdomo wa ganda la risasi unaingia kwenye mtutu kuziba gesi isivuje, kitu ambacho rivolva nyingine karibu zote hazina. Ilikuwa na kutu upande wa kushoto. Nikachukua msasa. Nilisugua jioni nzima nikifurahi kuona chuma kinang'aa, na nilipokuja kuipeleka kwenye mwanga, ile nyota ya kiwanda cha Tula na mwaka 1939 chini yake vilikuwa vimebaki kivuli tu, ile 9 ya mwisho huwezi kuisoma bila kuinamisha bastola kwenye taa. Bado ninayo. Siiuzi, na kila mgeni kwenye mambo haya namwonyesha hiyo kabla ya nyingine yoyote.

Kutu zenyewe haziko sawa. Kuna kutu nyekundu, ukiipitishia kitambaa cheupe inaacha unga, hiyo bado inakula chuma na lazima itoke. Kuna ile kahawia iliyokolea, imetulia, imeshikana na chuma kama ngozi, hiyo iache. Ile nyekundu paka mafuta mepesi, acha ikae hata siku nzima, alafu sugua polepole na zile nyuzi laini za chuma za namba 0000, mafuta yakiwepo muda wote, usisugue pakavu. Futa, tazama, rudia. Inachosha, wiki inaweza kuisha upo kwenye sehemu isiyozidi kidole gumba, lakini weusi wa zamani unabaki. Na tafuta bisibisi inayokaa sawasawa kwenye mfereji wa skrubu, ile ya kulazimisha inachana kichwa cha skrubu na doa hilo halifichiki.

Kuna jambo lingine kwenye hizo Webley na hili sio la uzuri, ni la roho ya mtu. Zilitengenezwa kwa risasi ya .455, nzito na ya polepole, nguvu yake ndani ya silinda ni ndogo. Baada ya vita ya pili nyingi ziliuzwa Marekani, na kwa kuwa risasi za .455 zilikuwa hazipatikani kirahisi kule, wauzaji wakakata kidogo nyuma ya silinda ili ziingie .45 ACP, risasi ya bastola za Kimarekani, zikiwa zimeshikwa na vile vibati vyenye umbo la nusu mwezi. Zinaingia vizuri na zinalia vizuri, hapo ndo watu wanapodanganyika. Risasi ya kawaida ya .45 ACP inasukuma kwa nguvu inayopita hata ile ambayo Webley ilijaribiwa nayo kiwandani, kwa hiyo kila ukipiga unakuwa juu ya kipimo chake cha mwisho, na zipo zilizopasuka. Ndugu yetu ampe fundi wa silaha anayezijua aipime silinda kwanza. Kama imekatwa isipigwe hizo risasi za dukani, basi, ibaki ya kutunzwa.

Alafu suala la maji, hapa watu wananibishia sana. Risasi nyingi za zamani za jeshi, kwenye ile fataki ya kitakoni inayowasha baruti, zina potasiamu kloreti, na ikishaungua inaacha potasiamu kloridi, yaani chumvi, ndugu moja na ya mezani. Chumvi inavuta unyevu kutoka hewani na kutu inaanza. Mafuta hayaiyeyushi hiyo chumvi, yanaifunika tu. Rafiki yangu alipiga risasi za namna hiyo kwenye Tokarev yake, bastola ya Kirusi, akaisafisha kwa mafuta vizuri kabisa mpaka mtutu ukawa kioo, akaifungia, na baada ya wiki tatu alipopitisha kitambaa kikatoka na rangi ya chungwa, na ndani tayari kuna vishimo ambavyo havitoki tena. Dawa yake ni maji ya moto, mimina mtutuni na kwenye kila kilichoguswa na moshi, kausha mpaka iwe kavu kweli, ndipo mafuta. Kwenye Nagant usisahau pale silinda inapokutana na mtutu, uchafu unajificha hapo.

Springi mimi nabadilisha bila kusita, zinachoka, ila ya zamani naitia kwenye mfuko naandika imetoka wapi. Wenye Luger, ile bastola ya Kijerumani, ndo waangalie zaidi, vile vipande vidogo vina tarakimu mbili za mwisho za namba ya bastola yenyewe, ukichanganya kimoja tu na cha bastola nyingine seti imevunjika. Kama unataka kuipiga weka vipande vya kisasa na vya asili vilale salama.

Na asiihifadhi ndani ya ala ya babu, najua itamuuma kuzitenganisha. Ngozi inashika unyevu na zile dawa za kulainishia ngozi zinakula chuma, utakuta kutu imechora umbo la ala lenyewe. Aweke ala pembeni, bastola ifutwe mafuta kila ikishaguswa na mikono, jasho la vidole linaacha alama kwa siku mbili tatu tu.

Ndugu, kabla ya hayo yote sukuma ile komeo iliyo upande wa kushoto, ikunje mtutu uelekee chini, na upitishe kidole kwenye matundu yote 6 uhakikishe hayana kitu. Na huyo fundi kama umeshampelekea, mpigie simu leo hii umwambie asubiri.

Msomaji wenu wa siku nyingi