Mtoto wa leopadi geko hajagoma kula, anasikia baridi

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, maana gazeti lenu linaandika sana habari za kuku, ng'ombe wa maziwa na mbwa na mimi nazifurahia, ila kuna mnyama mdogo kaanza kuonekana majumbani hapa Arusha na hata Moshi na hakuna anayemsemea. Namzungumzia yule mjusi wa njano mwenye mistari myeusi, leopadi geko. Ninaowajua mimi wamempata kwa familia za wageni, mkataba wa kazi umeisha wanarudi kwao hawawezi kusafiri nae basi anaachiwa mtoto wa jirani, au wamezaliana kwa mtu na vitoto vinagawiwa. Mtoto anaingia nyumbani na boksi lake, anafurahi, siku mbili tatu kamjusi hakagusi chakula, na hapo ndo kila mtu anageuka daktari.

Nimesikia kwa masikio yangu muuzaji wa duka moja la dawa za mifugo hapa mjini akimwambia mama mmoja amfungue mjusi mdomo kwa kijiti cha meno halafu amsukumie panzi. Jamani! Huyu mnyama anapototolewa ana gramu tatu hivi, urefu hata sentimita kumi mara nyingi hafikishi, taya ni laini mno, ukilazimisha unaliumiza au chakula kinapita njia ya hewa, na hata kikifika tumboni kama mwili una baridi hakisagiki, kinaozea humo humo. Hapa ndo nataka watu waelewe kabla ya kingine chochote. Mjusi hatengenezi joto mwilini kama sisi, analichukua nje, na bila joto tumbo halifanyi kazi, na mwili wenyewe unajua kwa hiyo hamu ya kula inakata. Sasa mtoto wa geko akikataa kula Arusha mwezi wa saba kabla hujauliza nimpe dudu gani, uliza pale alipolalia tumbo kuna nyuzi ngapi.

Kwao ni Pakistan, Afghanistan na kaskazini magharibi mwa India, maeneo makavu ya mawe, jua linapiga jiwe mchana kutwa na yeye giza likianza kuingia anatoka kwenye mwanya wake na jiwe bado lina moto. Mji wetu uko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, kuanzia Juni mpaka Agosti alfajiri inashuka mpaka nyuzi 12 au 13, na nyumba zetu hazina hita, sakafu ya tailizi inauma mpaka miguu ya mtu mzima. Moshi wana nafuu maana wako chini zaidi ila na wao Julai wasijiamini. Geko anatakiwa upande mmoja wa boksi sakafu iwe nyuzi 31 mpaka 33 na upande wa pili ibaki 24 mpaka 26, ili achague mwenyewe akipata moto sana ahame. Usipashe boksi zima, utakwepa baridi ila utamuua kwa joto.

Watu wanasema vifaa hivyo havipatikani hapa, mimi nakataa. Nenda kwa wafugaji wa vifaranga. Zile themostati za mashine za kutotoleshea mayai zinauzwa mjini, ina waya wenye kichwa cha kupimia, ukikilaza kile kichwa sakafuni upande wa moto yenyewe inawasha na kuzima. Balbu ya vifaranga unaining'iniza juu ya wavu kwa nje, asiweze kuigusa akaungua, na chini yake weka kipande cha tailizi au jiwe bapa ili litunze joto. Ukipata ile ya kauri inayotoa joto bila mwanga ni bora zaidi kwa usiku maana mwanga mkali unamfanya asitoke mafichoni, na kama hatoki hali. Umeme ukikatika, na unakatika, chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo iegemeze kwa nje upande ule ule. Lakini jiko la mkaa ndani ya chumba hapana kabisa, lile linaua hata watu, sio mjusi tu.

Baada ya joto ni utulivu, na hapa naomba wazazi wanisaidie. Mnyama katoka kwenye boksi alilozoea, kasafiri kwenye mfuko, kafika kwenye harufu mpya na sauti mpya, halafu kila anayekuja nyumbani anataka amshike apige nae picha, shangazi, wajomba, watoto wa mtaa mzima. Kwake mkono unaoshuka kutoka juu ni ndege anayetaka kumla. Wiki ya kwanza na ya pili mwacheni, badilisha maji, toa kinyesi, weka chakula, ondoka. Funika pande tatu za boksi kwa kanga. Muwekee mahali pa kujificha upande wa moto na upande wa baridi, kifuu cha nazi kilichotobolewa mlango kinatosha kabisa, na kificho cha tatu kiwe na tishu yenye unyevu kwa ajili ya kujichubua, yaani kuvua ngozi ya zamani. Ngozi ikimgandia vidoleni inabana damu na kidole kinakatika, nimeshaona geko mkubwa mwenye vidole pungufu kwa sababu hiyo tu. Akishajichubua anaila ngozi yake, msishtuke.

Chini tandika gazeti au tishu, sio mchanga. Najua mchanga unapendeza na watu wanasema si mnyama wa jangwani huyo, ila mtoto akimrukia mdudu anabeba na mchanga, unajazana kwenye utumbo unaziba. Na boksi kwa mtoto lisiwe kubwa mno, chakula kinampotea.

Haya sasa chakula. Huyu hali mchicha, hali ndizi, hali ubwabwa, anakula wadudu hai tena anataka awaone wanatembea. Nyenje wadogo ndo wazuri kuliko wote, pia funza wa unga na mende wanaofugwa. Mdudu asizidi upana wa nafasi iliyoko kati ya macho yake mawili, hicho ndo kipimo na ukikishika hutakosea. Kama ndo kwanza ametotolewa, siku tatu nne za mwanzo hali kwa sababu bado anatumia kiini cha yai kilichobaki tumboni, anaanza kula akishachubuka ngozi ya kwanza, kwa hiyo mwulize aliyekupa katotolewa lini. Muda wa kumlisha ni magharibi, wakati taa za barabarani zinawaka, maana mchana amelala. Weka nyenje wawili watatu, sio kumwaga kumi na tano wakamtembelea mgongoni, anaogopa kabisa. Asipokula ndani ya nusu saa watoe, usilale ukawaacha humo, nyenje mwenye njaa usiku anamtafuna geko mkia na vidole. Funza unaweza kuwaacha kwenye kisosi chenye kingo laini wasipande, wengi wanaanza kula kimya kimya hivyo usiku hakuna mtu anayewaangalia. Akishazoea, mtoto analishwa kila siku, nyenje watano mpaka saba wanatosha.

Wadudu wenyewe wasiwe wa kuokota popote. Huku kwetu mashamba ya mboga na maua yanapigwa dawa, ukishuka Tengeru mpaka Usa River utaona pampu za mgongoni kila asubuhi, na majumbani nako tunapuliza dawa ya mende na mbu. Panzi aliyekula jani lenye dawa anamuua mjusi wa gramu tatu haraka sana. Fuga nyenje mwenyewe kwenye ndoo yenye trei za mayai, walishe karoti na pumba siku nzima kabla ya kumpa geko ili alicholishwa mdudu kimfikie na yeye. Halafu wapakaze unga wa kalsiamu. Maganda ya mayai yaliyokaushwa kwenye moto na kusagwa laini kabisa mpaka yawe kama poda ni kalsiamu safi, tatizo hayana vitamini D3, na bila hiyo kalsiamu haiingii mwilini, mifupa inakuwa laini, miguu inapinda kama mtoto mwenye matege. Kwa hiyo ukipata mtu anayetoka nje mwagize poda yenye D3 ya mijusi. Kumuweka dirishani haisaidii, kioo kinazuia ile mionzi anayoihitaji, tena boksi la kioo kwenye jua linageuka oveni.

Kuna la siafu, hili vitabu vya wageni haviliongelei ila sisi wa chini ya Meru tunajua. Wakipita usiku mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Meza ya boksi iwekwe miguu ndani ya makopo yenye maji na tone la mafuta ya taa, na nyenje waliokufa watolewe kila siku maana sisimizi wanaanza na hao.

Sasa lini uogope. Geko mkubwa mwenye mkia mnene anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula, mafuta yake yapo mkiani, mtoto hana akiba hiyo. Nunua mizani ndogo ya gramu ya jikoni, muweke kwenye kikombe cha plastiki umpime mara moja kwa wiki bila kumshika sana. Uzito ukisimama na mkia uko vilevile, endelea kusubiri, joto likiwa sawa atakula tu. Mkia ukianza kusinyaa, kinyesi kikiwa maji maji, au macho yakibaki yamefumba hata usiku (huyu ana kope, sio kama mjusi kafiri wa ukutani), nenda kwa daktari wa mifugo na kinyesi kwenye kichupa wapime minyoo na vijidudu. Na usimchanganye na mjusi kafiri boksi moja eti apate mwenzie, anamletea magonjwa.

Kuna wanaosema ana sumu akikuangukia unakufa. Hana, hakuna geko yoyote mwenye sumu. Kitu cha kweli ni salmonela, bakteria wa kuharisha, kwa hiyo kila anayegusa boksi anawe kwa sabuni, na wenye watoto chini ya miaka mitano wasiwaruhusu kumshika.

Na tafadhali hamu hii isigeuke watu kwenda msituni kukamata mijusi yetu. Morogoro kwenye msitu wa Kimboza kuna geko mdogo wa bluu ambaye kwa kukamatwa na kuuzwa nje alifika pabaya mpaka mwaka 2016 mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ukamuweka kwenye orodha ya juu kabisa ya kuzuia biashara. Tuna Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, kwa hiyo hata huyu wa kupewa ulizeni karatasi zake, na akiwashinda msimwachie bustanini. Anaishi miaka 15 mpaka 20, huyo mtoto wa darasa la tatu ataenda nae mpaka chuo.

Ombi langu la mwisho mhariri ni kwa wanaofuga wadudu. Wapo wanaolea funza wa inzi weusi kwa ajili ya kuku, na wale funza wana kalsiamu nyingi kwa asili yao, wadogo wao wanamfaa sana mtoto wa geko wakilelewa kwenye pumba safi badala ya taka za sokoni. Wanafunzi wa mifugo pale Tengeru nao wangeweza kujaribu nyenje. Mwenye nao Arusha au Moshi aandike hapa hapa gazetini tujue, maana msimu huu wa baridi nyenje wa bustanini wameadimika na hivi vitoto vinakula kila siku.

Mfugaji, Njiro, Arusha