Matangazo ya vidonge vya madini yataje kilichomo

Mhariri,

Matangazo ya vidonge vya madini hutaja namba moja kubwa, basi. "Kalsiamu kabonati miligramu 1,250." Mnunuzi hudhani anapata kalsiamu kiasi hicho, kumbe huo ni uzito wa chumvi nzima, yaani madini pamoja na kemikali iliyoungana nayo; kalsiamu yenyewe ni miligramu 500 tu. Tunaomba gazeti lako liwatake watangazaji wataje kiasi halisi cha madini pamoja na aina ya chumvi, maana vyote viwili ndivyo vinavyoamua mwili utapata nini.

Kabonati huhitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke, hivyo imezwe pamoja na chakula. Anayetumia omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, asidi yake imepungua. Huyo kalsiamu sitreti humfaa zaidi, hata kama hajala. Ila sitreti ina kalsiamu asilimia 21 tu dhidi ya 40 ya kabonati, kwa hiyo idadi ya vidonge huongezeka. Yoyote utakayochagua, usipite miligramu 500 za kalsiamu kwa mara moja, kwani dozi ikizidi, sehemu inayofyonzwa hupungua.

Magnesiamu oksidi ndiyo inayopotosha wengi. Kwenye lebo inapendeza, asilimia 60 ni magnesiamu, lakini haiyeyuki vizuri. Nyingi hubaki utumboni, huvuta maji, na mtu huharisha. Sitreti au kloridi hufyonzwa vizuri zaidi.

Kwa madini ya chuma, kidonge cha ferasi salfeti cha miligramu 200 hutoa chuma miligramu 65. Ferasi glukoneti ya 300 hutoa 35. Vidonge vyenye ganda lisiloyeyuka tumboni hatuvipendekezi: ganda huachia dawa ikiwa imeshapita mwanzo wa utumbo mwembamba, mahali chuma kinapofyonzwa zaidi. Kimezwe kwa maji, tumbo likiwa tupu, mbali na chai, kahawa, maziwa na kalsiamu. Kikichafua tumbo, chakula kidogo kinaruhusiwa. Muulize daktari pia kuhusu kumeza siku moja na kuruka moja, kwa kuwa kila dozi hupandisha homoni ya hepsidini, ambayo hupunguza ufyonzaji wa dozi inayofuata.



Kuna jambo zito kuliko hasara ya fedha. Kalsiamu, magnesiamu na chuma hunasa dawa nyingine tumboni. Levothiroksini, dawa ya tezi ya shingo, itenganishwe na madini hayo kwa saa 4. Antibiotiki ya siprofloksasini imezwe saa 2 kabla ya madini hayo au saa 6 baadaye, la sivyo haifiki kwenye damu kwa kiwango cha kutibu.

Wafamasia, wasomaji wako