Barua ya wazi kwa Rais wa Boca Juniors: kutolewa nyumbani mara tatu mwaka mmoja, hapana jamani

Mheshimiwa Rais Juan Román Riquelme,
Klabu ya Boca Juniors,
La Boca, Buenos Aires.

Shikamoo mheshimiwa Rais.

Natumai u mzima wewe na familia yako. Barua hii pengine haitakufikia, wewe Kiswahili husomi na mimi Kihispania changu kinaishia kwenye majina ya wachezaji, ila nimeona bora niiandike hivyo hivyo hadharani wenzangu waione, maana mashabiki wa Boca huku Dar es Salaam tupo, wachache ila tupo, na tumechoka.

Mwaka mzima wa 2025 nilikuwa kimya. Februari nilimeza, Mei nikameza tena, Juni ndo usiseme, Julai nikajipa moyo nikasema basi mabaya yote yameisha. Halafu ikaja Jumapili ya tarehe 7 Desemba, nusu fainali ya Clausura, yaani ligi ya Argentina ya nusu ya pili ya mwaka, Racing wanakuja kwenye uwanja wetu wa Bombonera, Maravilla Martínez anaruka anapiga kichwa, moja bila, wanapanda basi lao wanaenda fainali na sisi tunabaki tunaangaliana. Hiyo imenishinda mheshimiwa. Naomba nisikilizwe.

Kwa heshima zote tuhesabu wote. Tarehe 25 Februari, Alianza Lima ya Peru, mchujo wa Libertadores, yaani klabu bingwa ya Amerika Kusini, hata makundi hatujayaona. Kule Lima tulishapigwa 1-0, Ceppelini katufunga watu hawajakaa vizuri. Marudiano Bombonera tukashinda 2-1, jumla sare, na mwishoni kabisa Cavani akabaki yeye na goli, hatua chache tu, mpira ukapita. Cavani huyo huyo! Haya, tukasema twende kwenye matuta. Kabla ya matuta kipa Marchesín akatoka akaingia Brey, sababu watu wanabishana mpaka leo, mimi ninachojua ni kwamba Alianza walipiga tano na tano zikaingia, hakudaka hata ya dawa. Ya kwetu ya mwisho akapiga Velasco, usajili wa mamilioni ya dola kutoka Marekani, Viscarra akaidaka. Kwaheri Libertadores. Na ukitolewa kwenye raundi ile ya pili hata Sudamericana, lile kombe dogo la bara, huendi, kwa hiyo Boca, klabu yenye Libertadores sita kabatini, mechi za bara kwa mwaka 2025 ziliishia Februari. Flamengo wamelibeba kombe tarehe 29 Novemba. Kutoka Februari mpaka Novemba sisi tulikuwa watazamaji, mheshimiwa, tena watazamaji wa kulipia.

Mimi kazi yangu ni chapati na maandazi, nipo Tandika. Mechi ikianza kwenu saa tatu na nusu usiku huku ni saa tisa na nusu, watu wa kibanda umiza washafunga zamani, kwa hiyo naangalia kwenye simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari huku nakanda unga. Usiku ule wa Alianza mikono yote imejaa unga, siwezi kugusa simu, na bando likakata Velasco anauweka mpira chini. Picha ikaganda hapo. Velasco kainama, kashika mpira. Nikaifuta mikono kwenye kanga ya mke wangu, nikaazima bando, picha inarudi naona jezi za Alianza zimelaliana na mtangazaji anapiga kelele za furaha ambazo si za kwetu. Mteja wa kwanza kaja kanikuta hata mafuta sijabandika, ananiuliza umefiwa? Nikamwambia hapana kaka, tumetolewa. Akaniuliza Simba au Yanga? Hapo utaanzia wapi kumweleza mtu alfajiri yote ile.

Tuendelee kuhesabu. Tarehe 19 Mei, robo fainali ya Apertura, ligi ya nusu ya kwanza ya mwaka, Independiente wanakuja Bombonera, Angulo anafunga, moja bila, tumetoka. Desemba Racing, moja bila, tumetoka. Februari, Mei, Desemba. Mara tatu, mwaka mmoja, uwanja uleule, wetu. Ugenini mtu ukifungwa unasema refa, unasema uwanja, unasema hali ya hewa. Nyumbani utasema nini? Sisi tumekuwa kama mwenye nyumba anayefukuzwa na wageni, tena wageni wanachukua na chakula cha njiani.

Na hapa mheshimiwa niruhusu nikukumbushe kidogo, si kwa ubaya. Desemba 2023 mlipokuwa na uchaguzi wa klabu, upande ule wa wapinzani wako, Macri na Ibarra, walikuwa wanataka kujenga uwanja mpya. Wewe ulisimama ukasema Bombonera haiguswi, hapa ndo kwetu, hatuhami. Sisi huku tulishangilia kana kwamba tuna kadi za uanachama. Na kwa kweli umetimiza, pongezi nyingi, hatujahama. Tupo hapo hapo nyumbani, na hapo hapo ndipo anapotutolea kila mtu anayepita. Wenyewe wana msemo kwamba Bombonera haitetemeki, inadunda. Sasa hivi mwenye kudundwa ni nani?

Juni sitaki kuikalia sana ila lazima niiguse. Kombe la Dunia la Klabu kule Marekani tulianza vizuri tu, Benfica tunawaongoza 2-0 wakarudisha zote mbili, sawa, Bayern wakatufunga 2-1 na tulipigana kiume, Merentiel akawafunga bao ambalo nimelirudia mpaka mtoto wangu anajua linavyoanza. Ikabaki Auckland City. Auckland City mheshimiwa! Jamaa wa New Zealand wenye kazi zao za mchana, wameomba ruhusa kazini kuja kucheza, wamepigwa 10-0 na Bayern, wamepigwa 6-0 na Benfica. Sisi tukatoka nao sare 1-1. Tena bao letu lenyewe kipa wao ndo kalisindikiza wavuni, na bao lao kafunga Christian Gray, kijana anayesomea ualimu, kona imepigwa karuka peke yake mabeki wetu wanamtazama. Tarehe 24 Juni. Siku yako ya kuzaliwa mheshimiwa, umetimiza miaka 47, na hiyo ndo zawadi. Kwenye grupu letu la mpira mtu mmoja, mshabiki wa River, watani wetu wa jadi, asiyejua hata River iko mtaa gani, akatuma keki yenye namba 1-1. Bado naiona ile keki.

Mpaka leo najibu watu kwamba Benfica alivyomfunga Bayern siku ile ile tulikuwa tumetoka tu hata tungeshinda ngapi. Ni kweli, lakini nani anataka kusikia hilo?

Julai Atlético Tucumán wakatutoa Copa Argentina, 2-1. Mechi 12 mfululizo bila kushinda, kuanzia ile ya River mwezi wa nne mpaka Agosti, haijawahi kutokea katika historia yote ya klabu toka vijana wa Kiitaliano wameianzisha mwaka 1905. Vita vimepita, serikali zimepinduliwa hapo Argentina, uchumi umeanguka umesimama umeanguka, Boca haijawahi kukaa mechi 12. Imekaa zamu yako.

Sasa sababu ni nini? Mimi si mtaalamu, nakisia tu kama shabiki yeyote. Nahisi ni makocha. Diego Martínez aliondoka Septemba 2024 baada ya River kushinda kwetu, akaja Gago Oktoba, Aprili akatumbuliwa naye baada ya River, katikati akashika Herrón, halafu tena Herrón, huyu Herrón masikini kila kitu kikiharibika anaitwa aje ashike, ni kocha wa muda wa kudumu. Halafu akarudi mzee Miguel Ángel Russo. Kuhusu Russo sina neno baya hata moja, yeye na wewe ndo mlitupa ile Libertadores ya 2007, Grêmio kafungwa jumla 5-0 na mabao matatu ni yako, na mzee alikuja benchi anaumwa akabaki na timu mpaka Mungu alipomchukua tarehe 8 Oktoba. Apumzike kwa amani. Ila mheshimiwa tuseme ukweli, klabu ilikuwa haina mpango mwingine. Msaidizi wake Úbeda kabeba mzigo, na hajabeba vibaya, ila kila usiku wa kufa na kupona naona wachezaji wanacheza kwa woga, pasi ya nyuma, pasi ya pembeni, mashabiki wanaimba vijana wanazidi kuogopa. Inawezekana uwanja wenyewe unawalemea. Inawezekana ni jezi nzito. Inawezekana ni wewe, samahani, upo juu pale kwenye boksi lako na kikombe chako cha mate, ile chai ya Kiargentina, mkononi, mchezaji akikosea pasi anakumbuka nani anamwangalia. Kucheza namba kumi mbele ya Riquelme si mchezo.

Sitaki kuonekana sina shukrani. Tangu umeshika mambo ya mpira mwishoni mwa 2019 yamekuja makombe sita, nayajua yote, na nilichoma muda wangu kwa yote. Lakini la mwisho ni lile la Supercopa tulipowafunga Patronato 3-0 Machi 2023. Tangu hapo mpaka 2025 inaisha kabati halijafunguliwa. Fainali ya Libertadores ya 2023 tulifika kwa matuta matupu, Nacional, Racing, Palmeiras, Fluminense akatumaliza Maracanã kwenye muda wa nyongeza, na tukadanganyana kwamba tupo karibu. Na tarehe 9 Novemba 2025 tuliwafunga River 2-0, Zeballos na Merentiel, siku hiyo nilitoa chai bure mpaka mke wangu akauliza kuna nini. Nikajua ndo tunaamka. Hata mwezi haujapita, Racing.

Watu wananiuliza kwani ulilazimishwa? Hapana, wala sikudai wewe usingizi wangu. Ni ule mwaka 2006, Kombe la Dunia Ujerumani, Argentina inaifunga Serbia na Montenegro 6-0 na wewe katikati unatembea, hukimbii, unatembea, mpira unakufuata wewe. Nilikuwa nimesimama nyuma ya watu kwenye banda, naona kupitia katikati ya vichwa viwili. Nikauliza huyu anatokea timu gani, mzee mmoja akasema huyu ni mtu wa Boca. Basi yakaanza hapo. Ndo maana nakuandikia wewe na si mwingine, mtu aliyecheza vile hawezi kuwa haoni tunachokiona.

Mwaka 2026 tumeingia Libertadores moja kwa moja makundi, hakuna mchujo, hakuna Alianza wa Februari. Nilikuwa nimeandaa maombi mengi. Nilitaka kuomba kocha mwenye jina, aachwe afanye kazi mwaka mzima asiondolewe kila tukifungwa na River. Nilitaka straika, maana Merentiel peke yake hawezi na Cavani umri umeenda. Nilitaka Paredes apewe watu wa kukimbia mbele yake, mtu umemleta kutoka Roma, bingwa wa dunia, anapiga pasi nzuri zinaenda kwa nani? Nilitaka uongee na mashabiki ueleze mpango ni upi, kama upo. Nilitaka hata ile Libertadores ya saba tunayoisubiri toka 2007, watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wana ndevu.

Yote hayo nimeyafuta mheshimiwa. Nabaki na ombi moja. Tukifika mtoano hiyo 2026, tukitolewa, tutolewe ugenini. Tukafie Brazil huko, Brazil wanabeba wao tu kila mwaka tangu 2019, hakuna aibu kubwa. Lakini Bombonera asitoke mgeni amefurahi. Fanya unachofanya, badilisha kocha au usibadilishe, nunua au usinunue, shuka kwenye boksi ukae benchi ukitaka, ila nyumbani hapana. Nakuomba mheshimiwa, nyumbani hapana.

Wasalaam,

Shabiki wako tangu 2006,
Tandika, Dar es Salaam.

N.B. Ratiba za makundi zikitoka, kama mna sauti yoyote kule CONMEBOL, wasimamizi wa mpira wa Amerika Kusini, waambieni waweke hata mechi moja mapema jioni. Huku kwetu itakuwa usiku wa kawaida, na banda litakuwa bado wazi.