Kwa mtoto wa ami: nikaha ya Babu siitumi

Assalamu alaykum mtoto wa ami,

Sitakutaja jina, na huna haja ya kuuliza kama ni wewe. Nimesoma ujumbe wako, ule mrefu, na ule wa mkeo uliofuata. Hongera kwa binti. Mwenyezi Mungu amjaalie ndoa ya heri na wakwe wenye huruma. Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, si mbali, na mtu anayeoza akiwa ugenini halali: ukumbi, nguo, wageni, na sasa hao wakwe wanaotaka kuonyeshwa nasaba.

Unaniomba nipige picha karatasi za Babu zilizomo sandukuni, ikiwemo nikaha yake, yaani hati ya ndoa, nikutumie. Jawabu langu ni hapana. Nakujibu mbele za watu kwa sababu na wewe shajara yako, huo mti wa nasaba ya ukoo, uliisambaza mbele za watu.

Siku ya hitima ya babako, wanaume walipokwisha kutawanyika, uliingia tulikokuwa wanawake ukakunjua karatasi juu ya jamvi, ndefu, yenye nakshi za dhahabu pembeni. Tulishangilia, sikatai. Shangazi alifurahi kuliko sote. Aliagiza miwani yake, akainama, akawa anafuata majina kwa kidole, fulani bin fulani, kwa sauti ya chini. Alipofika kwa Babu akasita. Akapanda juu, akateremka tena. Akakuuliza, "Na mamangu umemweka wapi?" Nawe, bila hata kumtazama, ukamjibu, "Shangazi, shajara ni ya wanaume. Wanawake hawaandikwi." Ukacheka kidogo, ukakisogeza kidole chake upate kupiga picha.

Maneno pengine ningeyasahau. Kile kidole ulichokisogeza ndicho kinachonikaa kooni.

Shangazi alivua miwani, akauliza kama kahawa imebaki. Amekufa bila kulitaja tena jambo lile, na wewe hukuja kumzika. Ulisema tiketi ni ghali, nikakubali, nauli za huko nazijua. Lakini za harusi, nasikia, mmeshakata.

Sasa tuje kwenye shajara yenyewe. Umeandika juu kabisa kwamba ukoo wetu uliingia Mombasa na jeshi la Sayyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, mwaka 1837, alipowaondoa Wamazrui waliokuwa wakitawala mji kutoka Ngomeni. Nani kakwambia? Mwaka huo wazee wetu walikuwa Shihr, pwani ya Hadhramaut huko Yemen, wanavua papa. Babu alishuka Bandari ya Kale kijana asiye na ndevu, kwa jahazi la kaskazi, wakati Waingereza wameshajenga gati za meli kubwa kule Kilindini. Upanga hakuwa nao. Alibeba magunia, akauza maji, kisha akashika dele la kahawa, akigonganisha vikombe kutoka Kibokoni hadi Mwembe Tayari, mpaka akapata cha kufungulia duka. Washihiri wengi wa mji huu walianza hivyo hivyo na wajukuu wao hawainamishi vichwa. Mdogo wake alimfuata baada ya ile njaa ya 1943 na 1944, vita vilipokata pesa za Wahadhrami waliokuwa Java na Singapore, na mvua nayo ikagoma. Mbona hadithi hiyo haikukutosha?

Na walikuja peke yao. Wake na dada zao kwa kawaida walibaki Hadhramaut. Mwanamume aliyetaka kutulia alioa huku. Babu alivuka Likoni akaoa Kinondo, kwa Wadigo, watu wa kaya ile ile, msitu wao mtakatifu, ambayo leo watalii hulipa kuingia. Na kwa mila yao ya zamani Wadigo walifuata ukoo wa mama. Mjomba ndiye aliyekuwa na neno, na urithi ulikwenda kwa watoto wa dada. Wazee wa kule walinitajia mama wa Bibi, na mama wa mamake, bila karatasi yoyote, huku wakimenya mihogo. Sisi wenye kalamu na wino wa dhahabu ndio tuliomsahau.

Halafu jiulize uraia wako ulitoka wapi. Katiba ya uhuru ilimfanya Mkenya moja kwa moja, tarehe 12 Desemba 1963, mtu aliyezaliwa hapa ikiwa angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa hapa. Asiyekuwa na mzazi wa hivyo ilibidi aombe kuandikishwa, na muda aliopewa ulikuwa miaka miwili. Babu alizaliwa Shihr. Babako, babangu na Shangazi walizaliwa Kuze, hapa Mombasa. Piga hesabu mwenyewe ni mzazi gani aliyewatosheleza. Hiyo pasipoti uliyopandia ndege mara ya kwanza imepita tumboni mwa mwanamke wa Kinondo.

Mimi nililijua hilo mapema kwa kuwa nilibaki. Nilipokwenda kuomba kitambulisho, ofisi moja hapa mjini ilinizungusha kwa sababu ya jina la ukoo: lete cheti cha baba, lete cha babu, kwani nyinyi asili yenu wapi? Karatasi za Babu zilikuwepo, na zote zilisema amezaliwa ng'ambo. Bibi hakuwa na hata moja, maana kuandikisha vizazi kwa lazima kulianza na Wazungu na Waasia. Kwa Waafrika sheria ilitambaa wilaya kwa wilaya, ikafika nchi nzima 1971. Aliyeniokoa ni nduguye Bibi. Alivuka feri na mkongojo wake, akasimama kwenye foleni juani, akaapa kwamba mama wa babangu ni mwana wa kwao. Huyo naye hayumo katika shajara yako.

Nikupe nasaha za dada mkubwa, mimi niliyekubeba mgongoni kukupeleka chuo cha Kurani ukilia njia nzima. Ukitaka ukoo wa kweli, anza na walio hai, na waulize majina ya wanawake kwanza, kwa kuwa hayo ndiyo yanayopotea mapema. Mlolongo wa majina usiuamini peke yake: kwetu mjukuu hubeba jina la babu, Salim bin Awadh bin Salim bin Awadh, na mwenye haraka humeza vizazi viwili asijue. (Wewe umemeza. Nimelinganisha.) Kisha nenda kwa kadhi, kwani ndoa za Kiislamu huku zina sheria ya kuandikishwa tangu 1906. Nikaha haimtaji mume peke yake. Ya Babu ina jina la Bibi, jina la walii wake aliyemwoza na mahari aliyopewa. Karatasi hiyo ndiyo unayoitaka, na unaitaka kwa ajili ya jina moja tu. Nikikutumia leo, kesho utaikata nusu.

Watu wa nyumbani wanasema nimeficha sanduku. Sikuficha. Shangazi alinikabidhi kwa mkono wake, nikiwa mimi ndiye ninayempeleka kliniki na kumkanda miguu usiku. Angetaka lije kwako, ulimi alikuwa nao. Wengine wanasema naiharibia mtoto harusi. Naiharibia vipi? Binti yako nampenda, macho yake ni ya Bibi matupu, na hilo hakuna shajara itakayolifuta. Hao wakwe wakimkataa kwa ajili ya nyanya mmoja wa Kidigo, heri uwajue sasa kuliko baada ya nikaha. Na mimi ningekuwa na kinyongo kama wanavyodai, ningeshawapigia simu wakwe zako nikawaeleza habari za magunia ya Bandari ya Kale. Sijafanya hivyo. Nimekaa kimya tangu ile hitima, nikingoja umtake radhi Shangazi, mpaka tukamzika.

Sanduku liko kwangu. Njoo wewe mwenyewe, uje na bi harusi, kabla ya Mfungo Mosi. Tutavuka Likoni, na kwa miguu feri haina nauli, nikupeleke Kinondo kwa wajomba uwasalimie, uandike majina yao kwa mkono wako. Tukirudi nitakupa nikaha uipige picha yote, juu mpaka chini. Na mkeo mwambie asinipigie tena kwa jambo hili. Sina ugomvi naye.