Orodha ya vitu vyetu iletwe kwa wazee wa kaya

Kwa Mhariri,

Mwaka 2021 nilisafiri kutoka Kaloleni hadi Nairobi, nikaingia Makumbusho ya Taifa kutazama maonyesho yaliyoitwa Invisible Inventories. Yaliandaliwa na wasanii wa makundi ya The Nest na SHIFT pamoja na makumbusho yetu na mawili ya Ujerumani, la Cologne na la Frankfurt. Nilitarajia kuona vitu vya kale. Nikakuta kabati za vioo zisizo na kitu ndani, na habari za orodha waliyoikusanya: vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyo mikononi mwa taasisi 30 ng'ambo.

Sijawahi kusimama mbele ya kitu cha makumbusho kwa muda mrefu kama nilivyosimama mbele ya kioo kile kitupu. Wasanii wale walifanya kazi kubwa, nami nawashukuru kwa dhati. Ila niliporudi nyumbani na kumsimulia mzee mmoja wa ukoo wetu, hakuniuliza vitu ni vingapi. Nilipomtajia vigango, aliuliza: "Na wameandika ni vya nani?"

Kwa wasioishi pwani, kigango ni ubao mrefu uliochongwa na kusimikwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama. Mwenyewe huja ndotoni kukidai. Kikishasimikwa hakihamishwi; mji, yaani boma la ukoo, ukihama, chenyewe hubaki. Kina jina la mtu, kina watoto na wajukuu, na humwagiwa tembo kama mzee aliye hai. Wezi walipoving'oa na kuviuza, majina hayakusafiri navyo. Makumbusho ya Denver, Marekani, yalipewa vigango 30 mwaka 1990 na watu wawili wa filamu wa Hollywood. Majina ya waliotoa yaliandikwa. Ya waliosimikiwa hayakuandikwa. Vilirudishwa Kenya mwaka 2019, jambo jema sana, lakini haikujulikana ni mji gani uvipokee.

Linganisha na familia moja ya Kilifi iliyopigwa picha na mtafiti mwaka 1985 mbele ya vigango vyake viwili. Muda mfupi baadaye viliibwa. Miaka mingi ikapita, kimoja kikatambuliwa katika chuo kikuu kimoja cha Illinois, na mwaka 2007 kikarudi kwa wenyewe. Kilichokirudisha ni picha ile na jina la mwenyewe.

Ndiyo maana naandika. Orodha ile ya vitu 32,000 ni nusu ya kazi. Nusu ya pili imo vichwani mwa wazee wa kaya, walinzi wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda, na hao hawaisomi orodha hiyo kwenye intaneti, tena kwa lugha za kigeni. Naomba Makumbusho ya Taifa na serikali za kaunti za Kilifi na Tana River zichape picha za vitu hivyo kwa ukubwa unaoonekana na macho ya uzee, zizipeleke kwenye baraza za vijijini, na kila mzee asikilizwe kwa lugha yake, Kigiriama, Kichonyi, Kipokomo, huku sauti yake ikirekodiwa. Simu ya kijana yeyote inatosha kwa kazi hiyo. Wapokomo wanajua ngoma yao ya Ngadji iko ghalani British Museum, London, tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Makumbusho inayo ngoma. Lakini ilipigwa lini, ilipigwa na nani, na ni nani aliyeruhusiwa kuikaribia? Hayo huyapati ghalani, yanapatikana kando ya Mto Tana.

Na kabati zile tupu zije pia. Watu wa mijini walizitazama wakahuzunika, nami nilihuzunika. Huku kwetu kuna watu wanaoweza kueleza kilichopaswa kuwa ndani yake, kilichongwa kwa mti gani na kwa mkono wa fundi gani.

Jambo hili lina haraka. Miongoni mwa wazee niliokuwa nikiwauliza mambo ya Gohu nikiwa mwalimu kijana, wengi nimeshawazika. Mzee aliyeniuliza swali lile bado yupo na akili zake ni timamu. Kila nikipita kwake hunikaribisha kiti, kisha huniuliza kama wale watu wa orodha wameshafika.

Mwalimu mstaafu,
Kaloleni, Kilifi