Zana za kufundishia za BTP (mazoezi ya kufundisha shuleni) zinaishia jalalani, vyuo vya ualimu vianzishe maktaba yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongee na wakufunzi wa vyuo vya ualimu, na wale wa wizarani kama wanatusoma. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza huku Mbulu ila kwetu ni Pangani, na hiyo Pangani naitaja kwasababu ndio chanzo cha aibu nitakazosimulia hapa.

Nilivyofika tu nikabandika ukutani kadi za herufi nilizochora mwenyewe toka chuoni, kwenye N nimeweka nazi, imefuliwa vizuri na macho yake matatu. Nikauliza hii nini, mtoto mmoja wa Kihadzabe akawahi, "ubuyu!", darasa zima likaitikia ubuyu, mi nikawaambia mmekosa, nikafuta nikaendelea na somo. Jioni nasonga ugali ndio akili inanijia, sasa hawa nazi wameionea wapi jamani? Ubuyu wanaupasua na kuula tangu wanajua kutembea. Mtoto kajibu kwa anachokijua na nimemkosesha mimi.

La pili baya zaidi. Kwenye kikao cha wazazi nikasimama nikasema "wenzetu Wamang'ati mlete watoto mapema", maana mtaani wote nawasikia wanaitwa hivyo. Mzee mmoja akanyanyuka taratibu na mgolole wake akaondoka. Mwalimu mwenzangu ndio akanivuta pembeni kwamba wenyewe ni Wadatoga, hilo jina wamepewa na Wamasai na maana yake ni maadui. Yaani nimesimama mbele ya watu nimewaita maadui halafu nawaomba watoto! Ilinichukua miezi kupata salamu ya yule mzee.

Kwa asiyepajua huku, Mbulu na maeneo ya jirani mpaka Ziwa Eyasi ni sehemu ya pekee, kuna Wairaqw ambao lugha yao ni ya Kikushi, Wadatoga ambao ni Waniloti, Wahadzabe wenye lugha ya vidoko, yaani sauti za kualika ulimi, isiyofanana na ya jirani yeyote, na Wabantu kama Waisanzu na Wanyiramba hawako mbali. Darasa moja linaweza kuwa na lugha tatu nne za nyumbani na kitabu ni kimoja, cha Kiswahili. Siku niliyojifunza wak, tsar, tam, yaani moja mbili tatu kwa Kiiraqw, nikahesabu nao vizibo vya soda hivyo kwanza halafu tukarudia kwa Kiswahili, watoto waliokuwa wananitazama tu wakaanza kupigana vikumbo kuja mbele.

Haya yote hakuna aliyeniambia chuoni, na sio kwamba hayajulikani. Kila mwaka wanachuo wanakwenda BTP, wanakaa na watoto wiki kadhaa, wanatengeneza zana kwa hela yao ya chai, mkufunzi anakuja kukagua anaweka maksi, kwisha. Chuoni kwetu zana nyingi ziliishia jalalani nyuma ya bweni, nimeona kwa macho yangu saa ya ukuta ya boksi inanyeshewa na mvua. Chumba cha zana kilikuwepo lakini funguo alikuwa nayo mwalimu mmoja na mwalimu mwenyewe yuko likizo, miaka miwili sikuwahi kuingia.

Ombi langu ni hicho chumba kifunguliwe na kiwe maktaba kweli. Mwanachuo akirudi toka BTP alete zana moja iliyofanya kazi na karatasi ya kueleza watoto walikuwa wa jamii gani, wanasalimianaje, wanahesabuje, wanacheza nini, wanakula nini, neno gani usilitamke. Na sisi tulioko kazini tutume za kwetu, hata sauti ya bibi anasimulia hadithi ukairekodi kwa simu ni zana hiyo. Ila muombe kwanza na andika kasimulia nani na wapi, wazee wengine hadithi hawazisimulii mchana, usiwalazimishe kwasababu wewe una ratiba. TET, yaani Taasisi ya Elimu Tanzania, wana maktaba mtandao na inatusaidia sana, lakini vile ni vitabu vya wote toka Mtwara mpaka Kagera, kuhusu nazi na ubuyu havitakwambia.

Tafadhali pia isije ikawa maktaba ya vibuyu na shanga za kuonyesha siku ya mgeni rasmi, hivyo tunavyo tayari vimejaa vumbi.

Najua kuna watakaosema huko ni kuleta ukabila. Aliyeleta ukabila ni yule aliyesimama kwenye kikao akawaita wazazi maadui, na alipangiwa kazi huku bila karatasi hata moja ya kumwandaa.

Mimi kaunta buku langu limeshajaa, michezo, majina ya vyakula, hesabu za Kiiraqw mpaka kumi na za Kidatoga bado nakusanya. Chuo chochote kitakachotenga kabati waandike hapa hapa gazetini nitakitumia kwa basi, nauli ya mzigo nalipa mwenyewe.

Mwalimu wa darasa la kwanza,
Mbulu, Manyara