Barua ya wazi kwa Bwana Meya wa Lubumbashi: tuletee karani wa mahakama sokoni

Bwana Meya,

Nakuandikia kutoka komini ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, karibu na soko, mahali ambapo mama yangu mdogo anauza lengalenga, sombe na nyanya tangu mimi ningali nabebwa mgongoni. Ni mimi ninayemwandikia daftari, yeye na wenzake wa likelemba, kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu.

Hivi karibuni tulipanda taksi na kikapu cha nyanya mpaka ofisi ya ununuzi ya sosiete (kampuni) moja inayopikia wafanyakazi wa mgodi. Bwana wa pale akachukua nyanya moja, akaibonyeza kwa dole gumba, akaikata, akatabasamu. Bei nayo ikamfaa. Ndipo akatoa karatasi: namba ya rejista ya biashara, namba ya kodi, akaunti ya benki, fakture (ankara) yenye mhuri, bei kwa kilo. Malipo baada ya siku 60. Mama mdogo akauliza kwa upole: "Baba, siku sitini zote hizo, watoto watakula kalenda?" Tukarudi na kikapu chetu. Jioni nyanya ziliuzwa kwa mafungu, zilizopondeka tukazila na bukari, ugali wetu.

Usidhani mama huyu hana karatasi. Ana mfuko wa plastiki uliojaa tiketi za kodi ya soko, moja kwa kila siku, zimefifia wino kwa jasho na maji ya mboga. Hakuna hata moja inayotaja jina lake. Leta, yaani serikali, inamjua kila asubuhi wakati wa kulipa, ikifika saa ya kumtambua haimjui tena. Wakati huo nyanya za Zambia na Afrika Kusini zinapita mpaka wa Kasumbalesa, zinapanda rafu za maduka makubwa ya mjini, tena kwa heshima.

Sheria haikumsahau. Nchi yetu iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, mwaka 2012, na sheria yake ya biashara inamruhusu mfanyabiashara mdogo wa namna hii kutangaza shughuli yake kwa karani wa mahakama, bila kulipa, bila kuandikwa kwenye rejista kubwa. Anachodaiwa ni kuandika kila siku kilichoingia na kilichotoka. Daftari hilo tunalo! Ile sheria ya 2017 nayo inasema kazi ambazo makampuni makubwa, migodi ikiwamo, yanawapa wengine wazifanye, ziende kwa sosiete zenye mtaji wa Wakongomani. Hakuna mtaji wa Kikongomani kuliko huu wa mama mdogo, umefungwa kwenye pindo la kitenge. Ila yeye si sosiete, basi wanaofaidi ni wenye koti na kadi ya biashara, ambao saa nyingine wanakuja kununua nyanya hizo hizo kwetu na kuzipeleka mgodini kwa bei yao. (Sisemi ni wezi. Wana mhuri, sisi hatuna.)

Najua karani wa mahakama ya biashara hayuko chini yako. Soko, hata hivyo, liko chini ya mji. Tupe kibanda kimoja pale Kenya, siku moja kwa juma, umwombe rais wa mahakama amtume karani akae humo. Mama anayeacha meza yake asubuhi nzima kwenda kupanga foleni mjini amepoteza chakula cha siku, ndiyo maana haendi.

Tiketi ya soko iandikwe jina na namba ya meza. Hilo halihitaji sheria mpya, linahitaji kalamu.

Tena utuwekee mizani ya mji, moja tu, inayoaminika. Sisi unga tunaupima kwa meka, kopo la kupimia, na mboga kwa fungu, mnunuzi anataka kilo, na kila mara mizani ni ya kwake.

Neno la siku 60 ndilo gumu zaidi. Wewe unaketi na wakubwa wa sosiete hizo, sisi hatuketi nao. Waambie wanunue kwa kikundi cha wamama kumi au ishirini, walipe kwa juma. Na wewe mwenyewe, mji unapoandaa sherehe, mboga zinatoka wapi? Anzia hapo, tukupe fakture yetu ya kwanza.

Ukitaka kuona mfuko wa tiketi, njoo kabla ya saa mbili asubuhi, wateja wakiwa bado wachache. Mama mdogo anauweka chini ya meza, nyuma ya ndoo ya maji.

Mwandishi wa daftari, Soko la Kenya